Bakuli Lililobaki Wazi

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, Kapeka alikuwa ameketi barazani kwake akiponda magimbi. Ubao wa kupondea ulikuwa katikati ya miguu yake, jiwe mkononi, na pembeni kulikuwa na kibuyu cha maji alichokuwa akichovya vidole ili rojo lisigande. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mabega mapana na gauni refu la buluu ambalo alilikaza kiunoni kila alipofanya kazi. Binti yake, Luika, alikuwa nje anachoma jodari mkavu. Shemeji yake, Nahinu, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amelala chali kwenye mkeka wa mkadi akingoja kuitwa kula, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko zote.

Nyumba ile iko juu kabisa ya bonde la Kahawailoa, pale mto unapotoka kwenye miamba. Maji yote ya bonde hupita kwanza kwenye ardhi ya Kapeka, kisha hushuka jaruba baada ya jaruba mpaka baharini. Sisi wa chini tulikunywa, tukaoga na kulima magimbi yetu kwa maji aliyoyapitisha yeye, na kabla yake mama yake. Hatukuwahi kumshukuru, wala yeye hakungoja shukrani.

Alipoinua macho aliona watu wawili wanapanda njia ya mtoni. Wa nyuma alikuwa mpima ardhi, amebeba mnyororo mrefu wa chuma begani. Wa mbele alikuwa Bwana Penfield.

Ephraim Penfield alikuwa Mmarekani aliyezaliwa hapahapa visiwani. Babu yake alikuja na Biblia, baba yake akapata ardhi ya uwandani, na yeye akaijaza miwa. Uwandani hakuna mto. Jambo hilo lilikuwa linamkosesha raha, na alilisema waziwazi kwa kila aliyekutana naye, kwamba maji yanaingia baharini bure huku miwa yake inakauka. Utotoni, mama yake alipougua, alilelewa kwenye mkeka wa mama yake Kapeka. Aliota meno pale, akaanza kuongea pale, na pale waliliita jina lake Epelaima kwa sababu ndivyo lilivyotamkika vinywani mwetu. Aliongea lugha yetu bila kukosea hata kidogo. Alimwita Kapeka dada.

Kapeka alijua amefuata nini. Mfereji aliotaka kuuchimba usingewezekana bila ridhaa yake, kwa kuwa chanzo kilikuwa chake. Jibu alikuwa nalo tayari, nalo lilikuwa hapana. Lakini lilimwia vigumu kumtolea neno hilo usoni mtu aliyelala ubavuni kwake wakiwa watoto. Basi akabuni hila. Alimimina poi, lile rojo la magimbi, yote kwenye bakuli kubwa la mti, bakuli la mama yake, akaliweka katikati ya mkeka na kuliondolea kifuniko.

"Shemeji, mbona mbiombio?" Nahinu aliuliza. "Huyo hata mto hajavuka."

"Lete maji ya kunawa, acha maswali."

"Nimeamshwa kwa ajili ya kazi," Nahinu alimwambia Luika. "Dunia imeharibika."

Kwetu, gimbi ni kaka mkubwa. Alizaliwa kabla ya mtu wa kwanza, akazaliwa mfu, wakamzika kando ya nyumba na pale akachipua. Mdogo wake ndiye babu yetu sote. Kwa hiyo bakuli la poi likiwa wazi, kaka mkubwa yupo, anasikiliza. Mbele yake watu hawagombani, hawabishani, hawadaiani, hawazungumzi biashara. Neno la kumkatalia mtu halitamkwi mpaka bakuli lifunikwe. Hata walevi wa bandarini wanalijua hilo. Kapeka alipiga hesabu kwamba Epelaima atakula, atashiba, atasifu samaki, atanawa na kuaga, na habari ya maji haitapata pa kupenyea. Ilikuwa hila nzuri, na katika bonde lote hakuna ambaye asingeifanya.

Bwana Penfield alivua viatu, akanawa, akakunja miguu mkekani kama mtu wa nyumbani. Mpima ardhi alibaki nje na mnyororo wake. Mgeni alichota poi kwa vidole viwili, akaizungusha ili isidondoke, akala.

"Dada Kapeka," alisema huku akilamba kidole, "nimekuja kwa habari ya maji."

Nahinu alikohoa. Luika alitazama dari.

Bwana Penfield alieleza mambo yote kwa utaratibu. Alieleza mfereji utakavyopita, mwamba utakaopasuliwa, na faida ambayo kila mtu ataipata baadaye. Alisema hataki kumlazimisha mtu. "Nataka neno lako moja tu, dada. Sema ndiyo au sema hapana. Nitaelewa."

Kapeka alifungua kinywa, akalitazama bakuli, akakifunga. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Alilisukuma pembeni, kati ya fizi na shavu la kushoto, akasema, "Kula kwanza, Epelaima."

"Nakula, dada."

Na kweli alikula. Alikula mpaka jua likapita juu ya paa na kushuka upande wa pili. Poi ya bakulini haikupungua. Alipochota, pakabaki shimo dogo, shimo likajifuta, na bakuli likawa vilevile. Luika aliona, akasema angalau kesho hakuna kuponda.

Iko sheria ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, kwamba bakuli halifunikwi wakati vidole vya mgeni bado vinaingia ndani, na mwenye nyumba haondoki akamwacha mgeni anakula peke yake. Sheria hii haikuwahi kumsumbua mtu, maana wageni hushiba. Bwana Penfield hakushiba. Walilala kwa zamu, Kapeka na Luika, wameketi, na kulipokucha alikuwa bado yupo, vidole viwili vinashuka na kupanda taratibu, anawatakia asubuhi njema.

Baada ya wiki moja Nahinu aliteremka bondeni kutafuta poi inatoka wapi. Hakutafuta sana. Kwenye majaruba ya chini kabisa, karibu na pwani, alimkuta mzee Opunui amesimama ndani ya maji ya magotini, ameshika kiuno, anatazama magimbi yake yanazama. Yalizama moja moja, majani na yote, kama mtu anayeshuka kisimani, na tope likajifunga juu. Walipotulia wakaona yana mwendo wake. Lilizama moja, pakapita muda wa kutafuna na kumeza, likazama jingine.

"Huyo mgeni wenu ana afya," mzee Opunui alisema.

Nahinu alimwomba radhi kwa niaba ya nyumba. Mzee akajibu kwamba mgeni ni mgeni, na kaka mkubwa hamnyimi mtu chakula. Alikuwa anatetemeka, lakini maji yalikuwa ya baridi asubuhi ile.

Mwezi uliofuata Bwana Penfield alilalamika. Alisema kwa upole kwamba hapati amani, anakula huku watu watatu wanamtazama bila kusema neno, na kwamba ukimya wa aina hiyo unaweza kumtisha mtu yeyote. Siku chache baadaye meli ya kivita ya Marekani iliingia mdomo wa mto na kupanda bondeni. Maji ya mto wakati ule yalifika kifundo cha mguu. Meli ilipanda polepole, moshi ukigusa mishelisheli, ikapita kuta za mawe za majaruba bila kuangusha jiwe, ikatia nanga kwenye jaruba la Nahinu. Wanamaji wenye bunduki walishuka, wakajipanga kuizunguka baraza. Luteni wao alikuwa kijana mwenye adabu. Alifuta viatu mlangoni, akauliza kama kuna fujo.

"Hakuna," Bwana Penfield alimjibu. "Lakini inaweza kutokea."

Luteni akasema basi watabaki ili isitokee. Akakaribishwa chakula, maana ndivyo inavyotakiwa, akakaa, akachota.

Wiki hiyohiyo, mjini Honolulu, wenye miwa na mawakili wao walisimama mbele ya jengo la serikali wakasoma karatasi kwamba ufalme umekwisha. Wanamaji wengine walikuwa wamesimama karibu, bunduki begani, hawakufyatua hata risasi moja. Malkia wetu aliandika kwamba anapisha nguvu ya Marekani mpaka Marekani yenyewe iyaone makosa ya watu wake na kumrudisha. Alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri. Aliamini kwamba mtu akishaonyeshwa kosa lake, ataona aibu.

Habari zilipofika kwa Kapeka, Luika alizileta sikioni kwa kunong'ona. Hakuna aliyelia wala kulaani, kwa sababu bakuli lilikuwa wazi. Nahinu alitoka. Sheria ile huishia kwenye ua wa mawe, kwa hiyo alivuka ua, akapita chini ya tumbo la meli, akasimama mbele ya mshelisheli na kuutukana mpaka sauti ikamkauka. Kisha akarudi, akanawa, akakaa mahali pake.

"Umemaliza?" Kapeka alimwuliza taratibu.

"Mti haukujibu, shemeji. Una adabu zake nao."

Kapeka hakuweza kufanya kama Nahinu. Alikuwa mwenye nyumba, na mgeni alikuwa anakula. Isitoshe, neno lake halikuwa la kuuambia mti. Lilikuwa la Epelaima, na lilitakiwa kutamkwa mbele yake.

Kazi ya mfereji ilianza mwaka huo. Bwana Penfield aliisimamia hapohapo mkekani kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na shughuli. Alinyoosha kidole, na juu kule baruti ikalipuka. Akapunga kiganja, na vibarua wakahamia upande mwingine. Nahinu alikwenda kwa hakimu. Hakimu alikuwa binamu yake Penfield kwa upande wa mama, mtu mwenye masikio mazuri ya kusikiliza. Alimsikiliza Nahinu mpaka mwisho, akauliza kama mwenye ardhi amekataa.

"Hajapata nafasi, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Mgeni bado anakula."

Hakimu alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa kabisa. Alisema basi suala bado liko katika mazungumzo, na mahakama haiingilii mazungumzo ya watu walioketi pamoja kwa amani. Hata hivyo hakuona sababu ya kazi kusimama wakati mazungumzo yanaendelea.

Maji yalipogeuzwa, mto ulipungua mpaka ukawa uzi, kisha ukawa alama. Uwandani miwa ikarefuka. Majaruba ya mzee Opunui yalikuwa yamekwisha kuliwa, ya jirani zake yakafuata, na kila mwezi watu kadhaa walifunga mizigo wakahamia mjini kubeba makasha bandarini. Walipopita chini ya nyumba ya Kapeka walivua kofia, wakanyamaza, kwa heshima ya bakuli.

Bwana Penfield alinenepa. Mwaka wa tatu Nahinu alibomoa ukuta wa kusini ili mgeni apate pa kunyoosha mguu. Watu wengine walikuja wakakaa ubavuni kwake: binamu, wakili, daktari wa miwa, maofisa wa meli waliobadilishana kila msimu. Wote walinawa. Wote walishukuru. Kapeka aliwasogezea chumvi na mwani na samaki, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa sababu ya lile neno. Alikuwa halimezi wala halitemi. Luika alipompaka mama yake mafuta aliliona ndani ya kinywa, limekuwa jeusi na laini, mfano wa kokoto la mtoni lililosuguliwa na maji ya miaka mingi. Kapeka alikula upande wa kulia tu. Usingizini alilishikilia kwa ulimi lisije likamponyoka mbele ya kaka mkubwa.

Mimi namwonea uchungu hata leo ninaposimulia. Tulikuwa tunamtegemea yeye aseme, na sisi ndio tuliomfundisha kunyamaza.

Kuna siku walikuja na ramani. Ofisa mmoja wa meli aliitandaza mkekani kando ya bakuli, ramani kubwa ya bahari, akachukua vipande vya jodari kutoka kwenye sahani na kuvipanga juu yake. Kimoja alikiweka kwetu, pale penye ghuba ambayo meli zingeweza kulala bila kusumbuliwa na mawimbi. Kimoja alikiweka Guam. Kimoja Manila. Upande wa pili kabisa alikiweka kimoja Kuba na kimoja Puerto Riko. Akaeleza jinsi meli inayokunywa makaa inavyohitaji mahali pa kupumzika kila baada ya safari fulani, na kwamba taifa kubwa haliwezi kuombaomba makaa kwa watu. Wenzake walitazama kwa makini. Kisha wakanyoosha mikono, wakala vile vipande kimoja kimoja, wakianzia karibu. Ramani ilibaki na madoa ya mafuta.

Mwaka wa tano Nahinu alizunguka bondeni na karatasi ya kuomba Marekani isituchukue. Walitia majina karibu wote waliobaki, na visiwani kote ilikuwa hivyohivyo, maelfu kwa maelfu, na majina yakapelekwa Washington kwenye sanduku. Alipofika kwa Kapeka alisimama nje ya ua, akaiinua juu aione. Karatasi ile ilikuwa ya kukataa, isingeweza kuletwa mbele ya bakuli. Kapeka aliitazama kutoka mkekani kwa muda mrefu. Mkono wake uliinuka kidogo, ukarudi pajani. Jina lake halikuwemo.

Mwaka uliofuata Marekani iliingia vitani na Hispania, na meli za askari zikaanza kupita kwetu kwenda Manila. Askari walipanda bondeni kwa makundi, vijana wa mashambani wenye shingo nyekundu kwa jua, wengi hawakuwahi kuiona bahari kabla ya mwaka ule. Waliambiwa kuna mahali chakula hakiishi. Kila mmoja alichota kwa vidole viwili, akakunja uso kwa uchachu, akashukuru, akampisha mwenzake. Majaruba ya katikati yaliisha kwa siku nne.

Luika alikuwa ametoka nje ya ua kuanika mikeka, na askari mmoja akamsaidia kushika ncha. Alimweleza kwamba wanakwenda kuwakomboa watu wa Manila kutoka kwa Wahispania.

"Wamewaita?" Luika aliuliza.

"Wametupokea vizuri, nasikia. Wanapigana upande wetu. Wametuandalia kila kitu."

Luika aliukung'uta mkeka. Alikuwa nje ya ua, sheria haikumfunga. "Ukifika waambie wasifunue bakuli," alisema.

Askari alicheka, akaahidi kuwaambia. Alikuwa kijana mzuri na huenda alisahau tu.

Mwezi wa nane ilitangazwa kwamba bendera yetu itateremshwa mjini na ya Marekani itapandishwa. Asubuhi ya siku hiyo bonde lote lilikuwa limebaki na jaruba moja, lile la Kapeka mwenyewe chini ya dirisha, ambalo lilikuwa linalowa kwa maji yaliyovuja chini ya mwamba. Humo ndimo mlimokuwa na magimbi ya mbegu, yale mama yake aliyoyarithi kwa mama yake. Ukitaka kupanda bonde upya unaanzia hapo. Kapeka aliketi mahali ambapo aliweza kuona bakuli na dirisha kwa pamoja. Vidole vya Penfield vilishuka, na nje gimbi moja likazama. Vikapanda. Vikashuka. Yalibaki kumi na kitu, kisha matano, kisha moja lenye jani pana lililochanika.

Kapeka alichukua kifuniko na kulifunika bakuli.

Vidole vya mgeni vilikuwa bado ndani. Vilichomoka haraka, vimepakaa. Nje, lile gimbi la mwisho lilikuwa limekwisha kuzama hadi shingoni. Lilisimama hivyo, jani likielea juu ya tope. Tangu bonde liwepo hakuna aliyewahi kumfanyia mgeni jambo lile. Wanamaji kwenye baraza walizigeuza bunduki kuelekea ndani. Luika alisimama. Nahinu, ambaye alikuwa amelala, aliketi.

Kapeka aliingiza kidole kinywani, akalisogeza lile neno kutoka shavuni mpaka ulimini, akalitamka.

"Hapana."

Lilianguka mkekani kwa kishindo. Tulilisikia mpaka pwani. Watu waliokuwa wanafunga mizigo waliiacha, mzee Opunui aliyekuwa hasikii vizuri siku hizo alivua kofia, na kitu fulani kifuani mwangu kilisimama wima. Tangu siku hiyo sijawahi kufurahi kiasi kile. Mto wenyewe, kule juu kwenye mfereji, ulisita. Wenye miwa wanasema maji yalikatika kwa muda wa kuhesabu pumzi kadhaa.

Bwana Penfield alilitazama neno lililokuwa mkekani, kisha akamtazama Kapeka. Usoni kwake kulikuwa na huzuni, tena huzuni ya kweli.

"Dada," alisema, "ungesema mapema."

"Bakuli lilikuwa wazi."

"Waliniuliza kutoka Washington. Yale majina kwenye sanduku yaliwatia wasiwasi, wakataka kusikia kwa mtu anayeishi na watu hawa. Nikawaambia nimekaa mkeka mmoja nao miaka mitano na ushee, nakula nao bakuli moja, mchana na usiku. Sijasikia hata mtu mmoja akipinga." Alijifuta vidole kwa leso. "Sikusema uongo, dada. Hayo yameshapitishwa. Bendera inateremka saa hii."

"Unaijua sheria, Epelaima. Mama alikuzaba kofi kwa ajili yake. Ulikuwa unagombania samaki na Nahinu, alipokuja kula kwetu."

"Nakumbuka. Liliniuma sana." Aligusa shavu lake. "Ndiyo maana nilipoona umelifunua, nilikaa."

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaondoa kifuniko.

Kaka mkubwa alikuwepo, anasikiliza. Kapeka alikuwa na maneno mengine, mengi, yalikuwa yanakuja moja nyuma ya jingine kwa kuwa la kwanza lilikuwa limeyafungulia njia, na yote yalisimama kooni. Nahinu aliuma mdomo mpaka damu. Luika alitazama dari. Wanamaji walirudisha bunduki begani, na Bwana Penfield akachota. Dirishani, lile jani pana lilizama, na tope likajifunga.

Upepo ulikuwa unaingia kwa upande wa ukuta uliobomolewa na kuinua pembe ya ile ramani, iliyokuwa bado imetandazwa mkekani. Ofisa wa meli aliangaza huku na huku akitafuta cha kuizuia. Akaliona neno la Kapeka, akaliokota, akalipima uzito mkononi, akaliweka juu ya ile pembe. Lilifaa sana. Ramani ikatulia.

"Kula," Kapeka alisema, kwa sababu mwenye nyumba lazima aseme kitu.

Kwetu hapakuwa tena na gimbi hata moja, lakini bakuli lilikuwa limejaa pomoni. Shimo la vidole likajifuta kama kawaida. Luika aliinama, akachovya ncha ya kidole, akaonja. Akasema si poi. Akasema ni wali, tena una harufu ya moshi. Huku kwetu bondeni hatujawahi kulima mpunga. Luteni wa msimu ule alimwambia mwenzake kwamba mambo ya Manila yanakwenda vizuri.

Siku hizi njia ya mtoni imetengenezwa, unaweza kupanda mpaka juu bila kuchafua viatu. Meli bado iko palepale, wameipaka rangi mpya. Kapeka ameketi mahali pake, shavu lake la kushoto limevimba tena na la kulia pia, na mgeni anakula. Ukipita hapo usipaze sauti, bakuli liko wazi.